Mwanafunzi Mwanariadha: Neno Lipi Ndilo Kichwa?

Nilikuwa nyumbani Nyamira mwezi wa Desemba, msimu ambao sisi tunaofanya kazi mijini hurejea kuhesabiwa na wazee wetu. Jioni moja, mvua ikiwa imekatika na ukungu ukiteremka juu ya michai, simu ililia. Aliyepiga ni dada yangu, muuguzi katika viunga vya Minneapolis, jimbo la Minnesota, ambako watu wetu wa Kisii na Nyamira wamelowea kwa maelfu. Alikuwa na habari. Mwanawe wa pekee, anayemaliza shule ya upili, amepata ufadhili wa masomo katika chuo kikuu kimoja cha huko. Karo italipwa, malazi yatalipwa, vitabu na chakula pia. Kwa malipo hayo yote kijana atakichezea chuo hicho kandanda ya Kimarekani. Nafasi yake uwanjani ni ya beki.

Mama yetu, aliyekuwa kando yangu akichambua maharagwe, alisikia sauti ya binti yake na kutaka kujua kinachosemwa. Nikamweleza. Akatua ungo na kuniuliza kwa Ekegusii, "Beki ni kazi gani?"

Msomaji mpendwa, mimi ni mtu niliyepewa shahada ya uzamifu kwa ajili ya kuchunguza maneno, na nakiri kwamba swali hilo lilinishinda kwa muda wa robo saa. Neno tunalo. Kiswahili kilikwisha kulichukua zamani kutoka kwa Waingereza, na mtoto yeyote anayepiga mpira wa matambara anajua beki ni nani. Lakini beki wa Marekani si huyu wetu. Katika mchezo wao kila upande una watu 11, na mpira haupigwi kwa mguu ila kwa nadra. Hubebwa mikononi au hurushwa. Upande wenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10, yaani mita 9 na ushei. Ukifaulu, huanza kuhesabiwa upya. Ukishindwa, mpira huwaendea wapinzani. Walinzi walio mbele ni mijitu minene inayosukumana kama mafahali. Nyuma yao, mbali na msukumano ule, husimama vijana wembamba, wepesi, aghalabu wanne. Hao ndio mabeki. Kazi yao ni kumfuata yule mshambulizi anayetoroka kwenda kuudaka mpira wa mbali, kumzuia asiudake, na wakibahatika, kuudaka wao. Wawili hukaa pembeni na wawili hukaa mwisho kabisa, na nyuma ya hao wa mwisho hakuna mtu tena. Beki akikosea hatua moja, uwanja mzima huliona kosa lake.

Jambo la ajabu zaidi ni kwamba beki huanza kazi yake kwa kukimbia kinyumenyume. Yule anayemkabili anajua aendako, beki hajui. Hana budi kurudi nyuma macho yakiwa yamemkazia mwenzake kiunoni, hadi mwenzake atakapofichua nia yake.

Nilipofika hapo nikakumbuka egesarate. Wazee wetu walikuwa na makambi ya ng'ombe, ebisarate, yaliyolindwa na vijana waliokwisha kutahiriwa, abamura, dhidi ya wavamizi wa usiku. Serikali ya kikoloni iliyavunja makambi hayo mwanzoni mwa karne ya 20, lakini kumbukumbu yake haijavunjika. Nikamwambia mama kwamba mjukuu wake ni kama yule omomura aliyewekwa kwenye mlango wa nyuma wa egesarate, anayesubiri gizani, asiyejua adui atatokea upande gani. Akatikisa kichwa akaridhika. Akauchukua ungo wake. Kisha, pasipo kuniangalia, akauliza swali la pili: "Na atasoma saa ngapi?"

Hilo ndilo swali lililonifanya niandike makala haya. Dada yangu anataka neno langu kabla ya kutia saini mkataba mwezi wa Februari, kwa kuwa mimi ndimi mjomba, na kwetu mjomba ana neno. Walimu wenzangu na wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, nanyi mtaulizwa swali lilo hilo siku moja, ikiwa hamjaulizwa.

Jibu nililoanza kulitafuta halikunipeleka mbali. Kutoka kwetu hadi Manga si mwendo mrefu, na Manga, ambayo leo imo katika Kaunti ya Nyamira, ndiko alikozaliwa Robert Ouko mwaka 1948. Nikilitaja jina hilo darasani wanafunzi wangu hunena mara moja juu ya waziri wa mambo ya nchi za nje aliyeuawa Februari 1990. Siwalaumu. Kifo kile kiliitikisa nchi, na jina lenyewe masikioni mwa wengi ni la Kijaluo. Ila kulikuwa na Robert Ouko mwingine, Mgusii, mkimbiaji, ambaye mwaka 1970 kule Edinburgh alitwaa dhahabu ya mita 800 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, na miaka miwili baadaye akatwaa dhahabu ya Olimpiki. Huyo ndiye ninayemsema.

Kila shule ya Kisii na Nyamira inajua kwamba Septemba 1972, mjini Munich, Kenya ilishinda mbio za kupokezana vijiti za mita 400 kwa wanaume wanne. Baadhi ya walimu wa michezo wanajua hata majina: Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang. Watatu wa kwanza ni wana wa Gusii, na Sang ni Mnandi. Yale ambayo nadra kutajwa ni kwamba wawili wa mwisho, Ouko na Sang, walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu. Tena walikuwa wa chuo kimoja, chini ya mwalimu mmoja, katika mji wa Durham, North Carolina.

Hawakuwa wa kwanza kuvuka bahari kwa miguu, kama mtu angesema kwa utani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Stephen Machooka, kijana kutoka Kisii, alikuwa tayari akizishinda mbio za nyika kwa niaba ya Chuo Kikuu cha Cornell. Lakini Cornell ni chuo cha wenye nazo. Durham ilikuwa jambo lingine, na hapo ndipo ningependa tukae kidogo.

Chuo alichokwenda Ouko, kiitwacho leo North Carolina Central, kilifunguliwa mwaka 1910 na James E. Shepard kwa ajili ya watu weusi ambao vyuo vya jimbo hilo viliwafungia milango. Mwaka 1925 kikawa chuo cha kwanza cha sanaa huru cha Wamarekani weusi kugharamiwa na serikali ya jimbo. Februari 1960 wanafunzi wake walikuwa miongoni mwa vijana walioketi kwenye meza za mikahawa ya wazungu mjini Durham, wakakataa kuinuka mpaka wahudumiwe. Ouko alifika huko baada ya miaka hiyo. Kwa hivyo hakupokewa na chuo kilichomwona mgeni wa kuonyeshwa kwa watalii. Alipokewa na watu waliojua maana ya kuambiwa kwamba mwili wako una kazi ila akili yako haina.

Na aliyempokea ni LeRoy Walker. Mtu huyu anastahili kutajwa katika kila chuo cha ualimu nchini. Alizaliwa Atlanta mwaka 1918. Akasomea Chuo cha Benedict, South Carolina, na huko alicheza kandanda ya Kimarekani, ile ile anayoicheza mpwa wangu, akiwa mwelekezaji wa mashambulizi wa timu yake, tena akapata sifa nchi nzima. Alipohitimu mwaka 1940 hakubaki kusimulia mabao yake. Alikwenda Columbia kuchukua shahada ya pili, na mwaka 1957 akapata uzamifu katika Chuo Kikuu cha New York. Fani yake ni ile inayochunguza jinsi mifupa na misuli inavyotenda kazi mtu anaposogea, na anatajwa kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kufikia shahada hiyo katika fani hiyo. Tangu mwaka 1945 alikuwa akifundisha Durham. Alimnoa Lee Calhoun, aliyeshinda mita 110 kuruka viunzi katika Olimpiki za 1956 na 1960. Mwaka 1976 aliiongoza timu ya wanaume ya riadha ya Marekani kule Montreal, akiwa mtu mweusi wa kwanza kupewa jukumu hilo. Kejeli ya historia ni kwamba Kenya haikushindana mwaka huo, kwa kuwa nchi za Afrika ziligoma kwa sababu ya New Zealand kupeleka timu ya raga Afrika Kusini.  Baadaye Walker akawa mkuu wa chuo kile kile alichokifundishia, kuanzia 1983 hadi 1986, kisha rais wa Kamati ya Olimpiki ya Marekani kuanzia 1992 hadi 1996. Alifariki mwaka 2012.

Hebu litazameni jambo hili kwa jicho la mwalimu. Kocha aliyekuwa akishika saa kandoni mwa uwanja wakati Ouko anakimbia alikuwa mtaalamu aliyeweza kumweleza, kwa hesabu na kwa michoro, kwa nini paja lake linaumia. Kijana wa Manga hakuhitaji kumtafuta msomi mahali pengine ili ajue msomi ni nani. Alikuwa akimpigia kelele kila alasiri.

Matunda yake yalionekana mwaka 1972. Chuo kile kilitwaa ubingwa wa kitaifa wa riadha wa NAIA, chama cha vyuo vidogo vya Marekani. Miezi michache baadaye ikawa Munich. Ouko alikuwa wa tano katika fainali ya mita 800, mbio zile ambazo Dave Wottle, Mmarekani mwenye kofia, aliwapita wote mwishoni na Mike Boit wetu akapata shaba. Kisha zikaja mbio za vijiti. Wamarekani hawakuwapo, wakimbiaji wao Vince Matthews na Wayne Collett walikuwa wamepigwa marufuku kwa kusimama kizembe kwenye jukwaa la nishani wimbo wa taifa lao ukipigwa, na mwenzao John Smith alikuwa ameumia. Wapo wanaosema kwamba ndiyo sababu tulishinda. Mimi huwajibu kwamba vijana wale wanne walikuwa wamekwisha kushinda pamoja Edinburgh mwaka 1970, na kwamba Wajerumani wa Magharibi, wakishangiliwa na watu wao, walikuwa mbele Sang alipokipokea kijiti. Ouko ndiye aliyempa. Mikono miwili iliyokutana pale ilikuwa imezoeana kwenye uwanja wa chuo kule Durham. Sang akamfukuza Karl Honz, Mjerumani akaishiwa nguvu katika mita za mwisho, na saa ikaonyesha dakika 2 na sekunde 59.83. Uingereza ikawa ya pili, Ufaransa ya tatu, na Wajerumani wakatoka mikono mitupu.

Mwanafunzi wa tatu wa Durham, Mmarekani Larry Black, alikuwa amepata dhahabu katika vijiti vya mita 100 na fedha katika mita 200. Chuo kimoja kidogo cha watu weusi, wanafunzi watatu, nishani tatu za dhahabu siku moja ile ile ya Septemba. Sijui ni vyuo vikuu vingapi vyenye majengo ya fahari vinavyoweza kujisifia hivyo.

Sasa turudi kwa mpwa wangu, na mniwie radhi nikiingia kidogo katika shamba langu la isimu.

Wamarekani wana neno moja wanalomwitia kijana kama yeye. Ni neno la kuunganisha, na kwa Kiswahili lingekuwa "mwanafunzi-mwanariadha". Linasikika kama sifa, lakini asili yake ni mahakamani. Mwaka 1955 mchezaji wa kandanda ya Kimarekani wa chuo kimoja cha Colorado aliumia kichwani uwanjani akafa. Mjane wake akadai fidia ya mfanyakazi aliyefia kazini. Mahakama kuu ya jimbo hilo ikamkatalia mwaka 1957, kwa hoja kwamba chuo hakikuwa katika biashara ya mpira. Ni katika miaka hiyo chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilipolishikilia neno hilo na kuwaamuru watu wake walitumie kila mahali. Walter Byers, aliyekiongoza chama hicho kwa zaidi ya miaka 30, alikiri mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba lilibuniwa ili kuikwepa hatari ya wachezaji kuhesabiwa kuwa waajiriwa. Mwanafunzi hadai fidia. Mwanafunzi huuguza mguu wake na kurudi darasani, ikiwa darasa bado linamtaka.

Lakini kuna jambo jingine ndani ya neno hilo, na sijaona likisemwa. Kiingereza kikiunganisha nomino mbili, kwa kawaida neno la mwisho ndilo kichwa. La kwanza ni pambo lake. Kwa hivyo katika masikio ya Mwingereza, kijana yule ni mwanariadha wa aina fulani, mwanariadha anayesoma. Kiswahili, kama lugha zote za Kibantu, hutanguliza kichwa. Tukisema "mwanafunzi mwanariadha", tumemtaja mwanafunzi, kisha tukamweleza. Ekegusii hufanya vivyo hivyo. Wanaisimu wenzangu watabishana nami, kwani yako maneno ya kuunganisha yasiyo na kichwa kimoja, na tukikutana kwenye kongamano nitawasikiliza. Mama yangu lakini hakuhitaji kongamano. Aliposikia habari ya mjukuu wake alitafuta kichwa cha neno mahali ambapo lugha yake humfundisha kukitafuta, akakuta hakipo. Ndiyo maana akauliza atasoma saa ngapi.

Swali hilo lina jibu la tarakimu. Tangu mwaka 1991 kanuni za NCAA zinasema mchezaji asitumie zaidi ya saa 20 kwa juma katika michezo wakati wa msimu. Wachezaji wa kandanda ya Kimarekani wa vyuo vikubwa walipoulizwa wao wenyewe, walitaja saa zinazokaribia maradufu ya hizo, kwa kuwa kutazama filamu za wapinzani, kunyanyua vyuma vya "hiari", kusafiri na kuuguza majeraha huwa havihesabiwi. Hiyo ni kazi kamili ya mtu mzima. Na tangu mwaka 2021 wachezaji wameruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Juni 2025 mahakama ikaidhinisha mapatano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Fedha hizo huwaendea zaidi mashujaa wa vyuo vikubwa. Beki mwembamba wa chuo cha kadiri asizihesabu. Hata hivyo pazia limeanguka. Lile neno la mahakamani limebaki uchi.

Liko jambo la kichwa halisi pia, kichwa chenye ubongo. Mwaka 2017 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Boston walichapisha matokeo ya kupasua bongo za wachezaji 202 waliokufa wa kandanda ya Kimarekani. Kati ya 111 waliowahi kucheza katika ligi ya kulipwa, 110 walikuwa na ugonjwa wa ubongo unaotokana na kugongwa kichwa mara kwa mara. Kati ya 53 walioishia chuo kikuu, 48 walikuwa nao. Insafu inanilazimu kuongeza kwamba bongo zile zilitolewa na jamaa waliokuwa tayari na shaka juu ya wapendwa wao, hivyo haziwezi kuwa kipimo cha wachezaji wote. Lakini 48 katika 53 ni hesabu ambayo mjomba hawezi kuisoma kisha akalala vizuri. Ouko alikimbia, na ubaya wa mbio ni goti. Beki hujitupa kwa kasi yake yote juu ya mtu anayekuja kwa kasi yake yote.

Nisije nikaonekana kama mtu anayewakosoa wageni huku nyumba yake inavuja. Nilikuwa darasa la saba Julai 1993, Yobes Ondieki wa Kisii alipozikimbia mita 10,000 mjini Oslo kwa dakika 26 na sekunde 58.38, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 27. Shule nzima tulikimbia bila viatu juma zima. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba Ondieki alipitia Chuo Kikuu cha Iowa State. Tulidhani mbio hutoka kwenye vilima na ndizi. Miaka mitatu baadaye, katika shule ya upili ambayo sitaitaja, nilikuwa na mwenzangu wa dawati aliyekimbia mita 800 kama upepo. Msimu wa mashindano ulipofika, walimu walimwondoa darasani tangu asubuhi, na majina yakiitwa mwalimu wa zamu alimwandika "yupo". Alituletea vikombe vitatu. Vikombe hivyo vimo katika kabati la kioo ofisini mwa mwalimu mkuu hadi leo. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yalipotoka, alama yake ilikuwa ya chini mno hata chuo chochote, cha hapa au cha ng'ambo, hakingeweza kumpokea. Makocha wa Marekani walikuwa wakiwatafuta vijana wa aina yake hasa wakati huo. Nilimwona sokoni Keroka mwaka juzi akipakia ndizi kwenye lori. Alinikumbatia, akaniita "daktari", na mimi sikupata la kusema. Ni nani aliyemwandika "yupo"? Sisi walimu. Kila siku aliyoandikwa hivyo hakuwapo.

Leo mtaala wa umilisi umeweka mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika shule za upili za juu. Nimewasikia wazazi, na walimu pia, wakiuita mkondo wa wasioweza hesabu. Wangeuliza Walker alihitaji hesabu kiasi gani ili ajue mguu unaondokaje ardhini.

Nimemwandikia dada yangu. Sikumwambia akatae, wala sikumwambia akubali, kwa sababu kijana ni wake na anaupenda mchezo ule kwa moyo ambao mimi sijawahi kukipenda kitu isipokuwa vitenzi. Nimempa maswali ya kumpelekea kocha. La kwanza, ufadhili huo ni wa mwaka mmoja unaofanywa upya kila mara, au ni wa miaka yote minne? Kanuni ya mwaka 1973 iliufanya kuwa wa mwaka mmoja mmoja, na ingawa tangu 2012 vyuo vinaruhusiwa kutoa wa miaka kadhaa, havikulazimishwa. La pili, kijana akivunjika goti katika juma la kwanza, atabaki chuoni? La tatu, kati ya mabeki waliosajiliwa na kocha huyo miaka mitano iliyopita, wangapi wamehitimu, na walisomea nini? La nne ni langu binafsi, na dada alicheka aliposikia: hapo chuoni, ni nani aliyecheza mchezo huu zamani na sasa anafundisha darasani? Nilitaka kujua kama wana Walker wao.

Kocha amejibu mawili ya kwanza kwa maandishi. Ufadhili ni wa miaka minne, na goti halitauvunja. La tatu ameahidi kulijibu. La nne alilipeleka kwa ofisi nyingine, ambayo bado inatafuta.

Kijana mwenyewe alinitumia ujumbe, kwa Kiswahili cha kuokoteza ambacho kilinifurahisha kuliko insha nyingi ninazosahihisha. Anasema anataka kusomea viungo vya mwili na jinsi ya kuviponya. Pamoja na ujumbe huo alituma filamu fupi ya mchezo wake mmoja. Nilimwonyesha mama kwenye simu, tukiwa tumeketi pale pale mbele ya nyumba. Alimtambua mjukuu wake miongoni mwa kofia zile za chuma kabla yangu. Alisema ni mwendo wa marehemu baba yangu. Alimtazama akirudi kinyumenyume, hatua baada ya hatua, mikono imelegea, macho mbele, mpaka yule mwingine alipokata kona na mpira ukaja angani. Filamu ikaishia hapo.

"Aliudaka?" akaniuliza.

Nikampigia dada yangu simu ili tujue.